Roda na Mkono Uliolala

Roda wa Mautuma hakuwahi kuona mtu amebeba kitu asimpokee. Ndivyo alivyozaliwa. Mumewe Lusweti alipopatwa na kiharusi katika msimu wa palizi, mkono wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito, Roda alifanya alichokijua maishani: akamvalisha, akamnyoa, akamkatia tonge la obusuma, ugali wa kwao, na kumtilia kinywani. Lusweti akanawiri mashavu. Mkono ukabaki vilevile.

Walipokwenda kliniki mjini Kakamega walimkuta Winrose, binti wa mazoezi ya viungo aliyefanya kazi na watafiti wa ubongo.

"Mama, nyumbani Mzee anakulanga kwa mkono wa nani?"

"Wangu," Roda akajibu kwa fahari.

"Basi unaopata mazoezi ni wako."

Lusweti alicheka mpaka akakohoa. Winrose akawaeleza kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu hairudi, ila sehemu za jirani huweza kujifunza kazi yake na neva zikashikana upya, mradi mkono ulazimishwe kufanya kazi. Kwa nini wengine hufaulu na wengine hukwama, hilo ndilo walilokuwa wakilitafiti. Yeye hakuwaahidi kitu. Alimpa Lusweti glavu nene ya kuvaa mkono wa kushoto, ule mzima, ili mchana kutwa usiweze kushika chochote. Miezi ya mwanzo, alisema, ndiyo ubongo hujifunza kwa wepesi. Ikipita, kazi huwa ngumu zaidi.

Ikawa Lusweti anakaa barazani na hindi kavu mapajani, akihangaika kung'oa punje za kulisha kuku. Punje moja ilimtoa jasho.

"Umenirudisha nasari," alinung'unika.

"Na karo sijalipa," Roda akamjibu, kisha akakimbilia nyuma ya zizi asije akamsaidia. Kusimama tu na kutazama kulimchosha kuliko kupalilia shamba zima.

Jumamosi moja Navalayo, dada mkubwa wa Lusweti, akaja kutoka Mayoni na kuku kwapani. Alipoiona ile glavu alisahau hata kumsalimia wifi yake.

"Mulamwa! Ndugu yangu ameiba nini hata mkamfunga mkono?"

"Ni dawa, mulamwa. Daktari amesema..."

"Dawa ya kumlaza mtu njaa! Angalia shati, vifungo vimeenda kombo. Mke yuko wapi?" Akamfunga vifungo upya mwenyewe, huku akimpapasa shavu. "Kesho naenda na yeye Mayoni. Mimi nitamlisha kama nilivyomlisha akiwa mtoto."

Roda akampokea kuku. Navalayo ndiye aliyemlea Lusweti mama yao alipofariki, na neno lake katika ukoo ule halikupingwa na mke. Lakini alijua mambo yatakavyokuwa Mayoni. Lusweti angependwa kuanzia asubuhi hadi jioni, hata kikombe asishike, na miezi ile ya kujifunza ingekwisha akiwa ameshiba.

Kuku akachinjwa, akapikwa. Firigisi ikawekwa juu ya sahani ya Lusweti, kwa kuwa katika nyumba za Waluhya hiyo ni ya mwenye boma, mwingine haigusi. Navalayo akaichukua kwa vidole vyake, akaipeleka mdomoni mwa ndugu yake.

"Fungua, baba."

Lusweti akafumba mdomo kabisa.

"Rudisha," akasema polepole. "Ni yangu."

Navalayo akairudisha, amepigwa na butwaa. Mkono wa kulia ukatambaa mezani. Vidole vikaigusa firigisi, ikateleza, ikazunguka mchuzini, ikaruka mpaka ukingo wa sahani. Navalayo akanyoosha mkono kuidaka. Roda akaushika mkono huo na kuushusha mezani. Tangu aolewe hakuwahi kumgusa wifi yake hivyo.

"Mwache, mulamwa. Nakuomba."

Lusweti akajaribu tena. Kidole gumba kikakutana na cha shahada. Firigisi ikapanda ikitetemeka, ikapaka kidevu, ikapaka pua, hatimaye ikaingia mdomoni. Akatafuna huku amefumba macho.

"Ameoga mchuzi!" Navalayo akasema, akicheka na kulia pamoja.

"Mayoni," Lusweti akasema alipomeza, "nitakuja. Kutembea tu, si kukaa."

Navalayo akamtazama ndugu yake, kisha wifi yake. "Basi ukija," akasema, "utajimegea mwenyewe. Mimi nitakutengea tu."

Mchuzi ulikuwa ukimtiririka Lusweti shingoni. Roda akachukua kitambaa, akainuka kumpangusa. Akasita. Akakiweka mezani karibu na mkono wa kulia, akarudi kuketi. Navalayo naye alikuwa ameshainuka nusu.

"Kaa, mulamwa," Roda akamwambia. "Kula, chakula kinapoa."

Navalayo akakaa.