Pilau Yangu ya Idi Kule Buyenzi

Niliaibika, sikatai, na wanaonicheka hapa Mtendeni, Tabora, wacheke wakichoka walale, ila mkasa wenyewe nitausimulia mimi, maana wao wanauongezea chumvi.

Dada yangu Zuhura ameolewa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na jirani yake kuna kituo cha watoto yatima, watoto sitini. Akanipigia simu kwamba kwa Idi ya kuchinja, nyama wamepata, ila mpishi wao ni mmoja na kaelemewa. Nikasema nakuja kupika mimi, tena mchele naja nao! (Nani alinituma? Mdomo wangu.) Mchele ulikuwa mpya, kaka yangu kaukoboa kijijini Lusu wiki ileile, unanukia hadi nje ya gunia. Mama akanionya, "Huo mpya, mwanangu, haunywi maji. Pilau tafuta wa zamani." Nikamjibu, "Mama, nimeanza kupika leo?" Nikapanda treni na gunia langu, Kaliua hiyo, Kigoma hiyo, mpaka nikavuka mpaka, kichwa kimenivimba kwa sifa.

Siku ya Idi nikafunga kanga kiunoni, nikakaanga vitunguu na viungo, nikatia nyama, harufu ikawavuta watoto wakaja kukaa mkekani na nguo zao mpya, kila mmoja sahani mapajani. Nikapima maji kama ninavyopima siku zote. Mama Salma, mpishi wa kituo, akachungulia. "Dada, maji si mengi hayo?" Nikamwambia pilau sisi tumezaliwa nayo, anipishe. Nikafunika, nikaweka mkaa juu ya mfuniko.

Nilipofunua, jamani, punje sikuiona hata moja. Bonge la kahawia, nikachomeka mwiko ukasimama wenyewe katikati! Moyo ukanipasuka, maana mchele wote nilishaumimina na watoto wale hawakuwa na chakula kingine cha Idi. Nikapakua hivyohivyo.

Binti mdogo, Aziza, akaitazama sahani yake, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, pilau ya kwenu iko hivi?"

Hapo ningesema kweli, yakaisha. Nikainua kidevu: "Ndiyo. Tabora tunaila hivi, unamega tonge kama ugali."

Zuhura, tuliyezaliwa naye tumbo moja, akageukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Watoto wakamega, wakala, wakaomba tena, sufuria likakwanguliwa. Nami nikala yangu bila kumtazama mtu.

Idi iliyofuata Zuhura akanipigia simu ya video. Namwona Mama Salma anazidisha maji makusudi, eti watoto wameikataa pilau yake, wanataka ya Tabora. "Dada," ananiita, "tazama, imeshikana sawasawa?"

Sasa Mtendeni wanasema nimelichafua jina la mji mzima. Basi naapa mbele yenu, mchele mpya sitaupikia pilau tena, Mama alisema kweli. Isipokuwa Buyenzi. Kule maji nitapima yaleyale, na anayetaka kumwambia Aziza kwamba ile si pilau, apande treni akamwambie mwenyewe.