Maji ya Bi Tuda

Adelina ndiye aliyesema waende milimani. Mumewe Method alikuwa ameketi majira yote ya baridi kwenye dirisha la nyumba yao ya ghorofani, Skärholmen, pembeni mwa Stockholm, akitazama watu wakiburuta mifuko kutoka madukani hadi kituo cha treni. Ukimuuliza ana nini, alijibu, "Hapa hakuna mlima." Mtu wa Kibosho huyo, amezaliwa na Kilimanjaro mlangoni.

"Basi nitakununulia mlima, Baba Paska," Adelina alimwambia. "Ukiushiba, turudi hapa tuishi."

Alitania, lakini nusu tu. Mapema mwaka huo wa 1975 Severin, kijana wa kwao Method, alikuja Stockholm kwa kozi fupi, akaleta neno kutoka kwa kaka mkubwa, Boniface: wenye mfongo wamechoka. Mfongo ni mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani hadi vihambani, kwenye mashamba ya urithi, na asiyefika kuuzibua hana zamu ya maji. Kwa miaka mingi Method alikuwa akituma pesa ili mtu mwingine ashike jembe kwa niaba yake. Sasa walitaka kumwona yeye mwenyewe kabla ya vuli, la sivyo zamu yake ingepewa jirani. Na kihamba kisicho na maji, alisema Boniface, kinabaki kuwa makaburi ya wazazi tu.

Method alitaka warudi wote, pamoja na binti yao Paskalia. Adelina hakutaka. Alikuwa amewageuza wazee vitandani miaka mingi kama msaidizi, na sasa tu ndipo alipopata nafasi ya kusomea uuguzi kamili. Walikubaliana kuamua baada ya likizo, kabla Severin hajaondoka. Hivyo wakapanda ndege ya kukodi, wao na kundi la walimu wastaafu wa Kiswidi, kwenda wiki moja Marrakech, Moroko. Siku ya nne ilikuwa safari ya miguu katika bonde la Ourika, kwa Waberiberi, kwenda kuona maporomoko ya maji.

Kiongozi wao aliitwa Hmad, mwembamba, mwenye viatu vya plastiki, mzaliwa wa bonde lile. Alizungumza Kiberiberi na Kifaransa. Kifaransa cha wale walimu kiliishia kwenye "asante". Cha Adelina kilitoka jikoni kwa masista wa Kikanada kule Bukoba, hivyo yeye ndiye akawa mdomo wa kundi zima.

Njia ilipanda kando ya mfereji mwembamba uliochongwa kwenye ubavu wa mlima. Method alianza kubadilika. Aliinama kila hatua chache, akatia kidole majini.

"Mama Paska, tazama. Mfongo."

"Naona. Maji yanateremka. Hata Bukoba yanateremka."

"Bukoba yamelala ziwani kama Wahaya wenyewe. Haya yameongozwa." Akamwita binti yake aje kuona. Paskalia akajibu kwa Kiswidi kwamba miguu inamuuma.

Walipumzika chini ya miti ya jozi. Method akazunguka kona peke yake, na huko akaona ukingo wa mfereji umetoboka, maji yakimwagika kwenye kishamba cha shayiri, na mfereji wenyewe chini yake ukiwa mkavu. Kibosho, mtu hapiti tu mahali kama hapo. Hutua mzigo akaziba, kama vile asivyoweza kupita nyumba ya jirani inayoungua. Method alivua viatu, akakunja suruali, akaziba kwa mawe, nyasi na tope, tone moja lisivuje.

Alirudi na tope hadi kwenye viwiko, akitabasamu. Adelina hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu uchumba wao, na lilimtia hofu. Alijisemea moyoni, nimejinunulia msiba kwa pesa yangu.

Ndipo mwanamke mzee aliposhuka na jembe begani, akipiga kelele kabla hajawafikia. Hmad alisimama haraka.

"Ni Bi Tuda," alimwambia Adelina. "Leo hadi adhuhuri ni zamu yake. Tundu lile alilitoboa mwenyewe asubuhi, akaenda kukanda mkate. Sasa maji yake yamekwenda kwa majirani, na zamu hairudi karibuni."

Adelina alitafsiri. Method akabaki ameshika viatu mkononi.

"Mwambie mimi ni mtu wa mifereji."

"Nimemwambia. Anasema hata mwizi wa mbuzi ni mtu wa mbuzi."

"Mwambie nilidhani ukingo umebomoka."

Bi Tuda alisikiliza, akamtazama Method juu hadi chini, akauliza jambo moja. Adelina alisita.

"Anauliza, kwenu hakuna zamu?"

Kibosho, kabla mtoto hajafundishwa kushika jembe, hufundishwa kuuliza: leo maji ni ya nani? Hilo Method alilijua kabla hajajua kusoma. Na leo hakuuliza.

Hmad alikwenda kwa jirani wa chini, akamsihi hadi akakubali kumwachia Bi Tuda sehemu ya zamu yake ya mchana. Lakini aliyeharibu ndiye atengeneze. Hiyo ndiyo desturi yao. Method akapewa jembe afungulie maji na kuyapeleka tuta kwa tuta mpaka shayiri ishibe. Wengine wakaendelea na safari.

Adelina alifika kwenye maporomoko. Maji yaliruka kutoka mwambani, meupe, yakipiga jiwe kwa kishindo. Walimu wakapiga picha, Paskalia akapiga mayowe ya baridi. Adelina mawazoni aliona shayiri tu.

Waliporudi walimkuta Method ameketi ukingoni na glasi ya chai, Bi Tuda kando yake. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Yule bibi alimwambia Hmad maneno marefu, akacheka, akapiga bega la Method.

"Anasema," Hmad alimwambia Adelina, "mumeo alikosea kutouliza. Lakini wageni wote hupita. Huyu aliziba kama mzaliwa wa hapa. Anasema angekuwa na mwana mwenye mikono hii, asingekubali akae mbali. Mwambie."

"Anasema nini?" Method aliuliza.

"Anasema twende salama," akajibu Adelina.

Ndani ya basi Method alikwangua tope lililokauka kwenye kucha.

"Ningelifanya hili Kibosho," alisema mwishowe, "wangenicheka?"

Adelina aliijua Kibosho, aliolewa huko. Alijua wangemtoza mbege, pombe ya ndizi, wakainywa pamoja naye, na kesho yake wakamwamsha mapema kwenda mfongoni. Alimtazama Paskalia aliyelala mapajani mwake.

"Wangekucheka," alisema.

Method aliitikia kwa kichwa. "Mtu aliyesahau kuuliza maji ni ya nani atarudi kufanya nini?"

Jumapili iliyofuata Severin alikuja Skärholmen kuaga. Method alimpa jibu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida: jirani apewe zamu. Severin alingoja aongeze neno. Method akanyanyuka, akaenda dirishani.

Adelina ndiye aliyemsindikiza mgeni. Walitembea polepole hadi kituoni, kama watu wasiotaka kufika.

"Shemeji, huyu si Method ninayemjua," Severin alisema. "Huko mlimani kulitokea nini?"

"Tulipanda, tukashuka."

"Na wewe naona una neno."

Alikuwa nalo kweli. Tangu Ourika alilibeba neno la Bi Tuda, na kila siku lilizidi kuwa gumu kulitoa, kwa sababu sasa angelazimika kueleza pia kwa nini hakulitoa mapema. Treni ya kwenda mjini iliingia.

"Msalimie Boniface," alisema.

"Basi?"

"Basi."

Severin akapanda, milango ikafungwa. Adelina alibaki jukwaani mpaka treni nyingine ikaja ikaondoka, ndipo akageuka kurudi nyumbani kwa mume aliyebaki.