Kaseti Mama

Mdogo wangu alikuwa akiupima muziki wake kwa mifuniko ya sufuria. Chumba cha kazi alikuwa amepanga Kaloleni mjini, lakini hakuna kaseti aliyoitoa kabla ya kuipandisha Olmotonyi kwa mama. Jiko la mama ni la mbao, na mifuniko huegemezwa ukutani juu ya rafu. Aliweka spika chini, akawasha, kisha wote wawili wakaitazama rafu. Mifuniko ikitulia, mama alimwambia, "Hiyo ni ya kubembelezea watoto. Rudi nayo mjini." Ikigongana, mama aliitikia kwa kichwa tu na kuendelea kumenya ndizi. Hapo mdogo wangu alijua kazi imekwisha.

Ilikuwa ile miaka biashara zilipofunguliwa. Vinanda vya umeme vya mitumba viliuzwa mjini, redio za watu binafsi zikaanza, na kila kijana alitaka kuanzisha kitu chake. Yeye alianzisha lebo. Lebo yenyewe ilikuwa ni yeye, rafiki yake fundi redio, na deki mbili za kunakilia kaseti. Muziki wao ulikuwa wa disko, ngoma za mashine na besi nzito, bila kuimba. Majirani walimuuliza kama mwimbaji amekwenda chooni. Mimi nimeishia darasa la saba na muziki siujui. Nilichojua ni kwamba ukiwashwa nilihisi kifuani kama lori limeegeshwa nje bila kuzimwa.

Aliugua ghafla, akafa. Tulimzika Olmotonyi, kando ya migomba, karibu na baba.

Siku chache baada ya maziko, fundi alinifuata nyumbani kwangu Moshono. Aliniamkia, akanipa pole tena, akapokea soda. Kisha akasema kaseti mpya ilikuwa tayari. Karatasi za majalada zilikwishachapishwa, wenye maduka walikuwa wakiulizia. Kilichobaki ni kaseti mama, ile ya kwanza ambayo nyingine zote zinanakiliwa kutoka kwake.

"Ipo moja tu, dada," alisema. "Alipiga moja kwa moja ikaingia humo. Hakuna nyingine."

Nikamuuliza imeandikwa nini juu. Akasema haina maandishi. Mdogo wangu hakuandika jina kwenye kaseti mpaka mama aipitishe.

Nilipanda Olmotonyi kesho yake. Begi alilokuja nalo mara ya mwisho lilikuwa bado chumbani, na ndani nilikuta kasha la kaseti, tupu. Nilimuuliza mama kama mtu mwingine aliligusa begi. Akajibu bila wasiwasi kwamba baba mdogo alichukua kaseti humo siku ya maziko, ya kurekodia ibada, ili ndugu walio mbali wasikie.

Basi ibada ilikuwa imerekodiwa juu ya muziki wake. Kwetu kila msiba unarekodiwa, na kaseti hazinunuliwi kwa ajili hiyo. Inachukuliwa yoyote iliyo karibu. Mdogo wangu alikuwa amevunja vile vidude viwili vya mgongoni ili kaseti isirekodiwe tena. Lakini nani hajui kuziba matundu yale kwa karatasi? Hata kwaya ya kanisani huziba.

Baba mdogo ni mzee wa kanisa, na ile kaseti alikuwa ameifungia sandukuni pamoja na Biblia. Nilipomwomba niisikilize alinitazama kwa huzuni.

"Unataka kusikia udongo ukimwangukia mdogo wako kabla matanga hayajaanuliwa?"

Sikuweza kumwambia alichofanya. Alikuwa amelia siku ile kuliko sisi sote. Na ndani ya matanga redio haiwashwi kwa mama, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Fundi nilimweleza ukweli wote. Alikaa juu ya kreti, akaniuliza ibada ilikuwa ndefu kiasi gani. Nilijaribu kukumbuka. Wasifu, mahubiri, salamu za majirani. Mimi ndiye niliyemwomba mchungaji asiharakishe, na sasa kila nikilala nilimsikia akiongeza maneno.

Siku ya kuanua matanga, wageni walipoondoka, baba mdogo mwenyewe alileta kaseti. Fundi aliunganisha spika jikoni. Tukasikia ya kaburini tu: wimbo wa kanisani, upepo, sauti ya baba mdogo ikiomba. Kisha majembe. Mama alishika ukingo wa meza. Maombi ya mchungaji yakafuata, nami nikawa naomba aseme amina. Aliisema. Pakafuata sala nyingine.

Halafu kikasikika kitu kama kidole kinabofya. Besi ikaingia, katikati ya wimbo, bila mwanzo.

Fundi alinyoosha mkono kuzima, kwa heshima. Mama akasema, "Acha."

Mfuniko mdogo ulianza kwanza, kisha yote. Mmoja ulianguka sakafuni na hakuna aliyeuokota. Baba mdogo alituangalia mmoja mmoja, akaelewa. Alivua kofia, akaiweka magotini.

"Nimemfuta mwanetu," alisema.

Mama alimgeukia fundi, aliyekuwa akieleza kwamba wimbo wa kwanza umekwenda, wa pili umekatika, na kwamba kaseti ya namna hiyo hajui kama itafaa kutolewa.

"Mifuniko imetetemeka au haikutetemeka?"

"Imetetemeka, mama."

"Basi ipeleke."

Ilitoka hivyo hivyo, ikianzia katikati. Fundi alinakili maziko kando kwa ajili ya ndugu. Wimbo uliofutwa hatuujui hata jina, kwa kuwa alikuwa anasubiri mama apitishe ndipo aandike. Mama aliyasikiliza maziko mara moja tu. Ile ya muziki, nikipanda kumwona, huniambia niiwashe, naye huitazama rafu.