Machela Ukutani

Waliniondoa kwenye kundi la simu siku ileile niliyorudisha machela. Hawakuniuliza kitu. Prezida wetu, yaani mkuu wa kundi, aliandika kwamba nimelitia kundi aibu, kwamba jambo la watu wote nimelifanya langu peke yangu, kisha akanifuta. Nimeambiwa wenzangu waliweka vidole gumba. Hao ni watu niliokula nao vumbi kwa Jumapili nyingi, watu ambao minyororo ya pikipiki zao nimeifunga kwa mikono hii, mvuani, wao wakiwa wamejikinga chini ya paa la shule.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki mtaa wa Mutakura. Nyumbani kwetu hasa ni Buyenzi, kwa Waislamu wa zamani wa mji huu, na kwetu mtu hujulikana kwa kazi ya mikono yake. Kundi lile halikuwa la watu wa namna hiyo. Lilikuwa la wenye nafasi wa Gihosha na Mutanga Sud, wenye pikipiki ndefu za kupandia milima, wanaopenda kuacha lami asubuhi na kurudi jioni wamejaa matope ili waulizwe wametoka wapi. Mimi walinikaribisha kwa sababu pikipiki huharibika. Hilo nililijua, wala halikuniuma. Nilikuwa naipenda milima, na mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliipenda kunishinda.

Prezida ana bistro, baa ya chakula na vinywaji, Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu. Ni mtu mnene, mcheshi, na hodari wa hotuba. Burundi hakuna jambo linalopita bila hotuba. Iwe mahari, iwe msiba, iwe kuondoa tanga, lazima mtu asimame, akohoe, azunguke mbali kabla ya kufika, na vinywaji viwe mbele yake. Kwa kazi hiyo Prezida hakuwa na mpinzani, na nadhani ndiyo maana tulimpa uprezida, maana kwa kuendesha hakuwa lolote: kwenye utelezi alikuwa wa kwanza kushuka na kusukuma.

Jumapili ya machela tulikuwa sita, mdogo wangu akiwamo. Mafuta yalikuwa hayaonekani mjini, kama kawaida ya siku hizi, na kila mmoja alikuja na kidumu alichokipata anakojua mwenyewe. Hatujamaliza hata mlima wa kwanza pikipiki mbili zikaanza kukohoa. Mafuta yalikuwa na maji. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya njia alituona tumeinamia matangi, akavua kitambaa chake cha kichwa akatupa tuchujie. Kitambaa kilinuka mafuta moja kwa moja, kisingevalika tena. Prezida alimpiga picha. Mbele kidogo tairi lilipasuka, na mwanamume aliyekuwa akilima akaacha jembe akatushikia pikipiki mpaka nikamaliza kuziba. Nasema haya ili ieleweke kwamba tangu asubuhi watu wa milima walikuwa wakitubeba, kabla hawajatubeba kweli.

Mdogo wangu alianguka baada ya adhuhuri. Njia ilikuwa imebana katikati ya migomba, udongo umelowa, mtelemko mkali. Nilikuwa nyuma yake. Niliona gurudumu la mbele likikimbilia upande wake, kisha yeye na pikipiki wakaingia mtaroni, na nilipofika mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakulia. Aliniambia tu, "Kaka, usiniangalie hivyo."

Pale simu hazikushika mtandao. Gari lisingeweza kufika, na kumweka juu ya pikipiki ilikuwa ni kumuua. Wenzangu walizunguka wakisema maneno mengi. Aliyefanya kitu ni mwanamke aliyekuwa akipalilia maharage juu yetu kidogo, mjamzito, tumbo limeshatangulia. Alishuka polepole, akautazama mguu, akafungua kitenge chake cha juu, akaniomba vijiti viwili vilivyonyooka. Zamani, kabla ya kuolewa mlimani, aliwahi kuuza maparachichi soko la Mutakura, kwa hiyo alinisemesha kwa Kiswahili chetu.

"We shika hapa. Usiogope, kama unaogopa na yeye ataogopa."

Alipomaliza kufunga alipiga ukelele kuelekea bonde la pili. Sauti nyingine ikaupokea, na nyingine ng'ambo ya hiyo. Punde wakaja wanaume na machela.

Wale wa mjini labda hawajaiona: ni kitanda cha mianzi kilichosukwa kama kikapu kirefu, chenye miti miwili ya kuweka mabegani. Kwa Kirundi ni ingovyi. Mlima mzima una moja, na ni ya wote. Ikipita njiani ina mgonjwa, yeyote inayemkuta anatua alichonacho na kuingiza bega. Asiyefanya hivyo hutozwa pombe na jirani zake, na aibu yake haiishi. Mtunza machela alikuwa baba mkwe wa yule mwanamke, mtu mfupi mwenye haraka. Kabla hatujaondoka alinipa kata ya pombe ya ndizi. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Hakukasirika, alirudi ndani akaniletea maziwa, akasimama hapo mpaka nikayamaliza, huku watu wakingoja.

Wakambeba. Nilijaribu kuweka bega langu, na baada ya kona mbili nikaona navuruga mwendo wao, nikaambiwa nitembee. Kwenye kila kona tuliwakuta watu: mwenye gunia akatua gunia, mwenye madumu ya maji akatua madumu, na waliotangulia wakarudi kwenye mizigo yao bila kusema kwaheri. Yule mwanamke alitufuata hadi lami akiwa na kofia ya pikipiki ya mdogo wangu juu ya kichwa chake, jembe mkononi. Prezida na wenzake walikuwa wametangulia na pikipiki, kuangalia njia, walisema. Tulipofika lami tuliwakuta wamenawa na simu ziko juu, wanatupiga picha.

Pikapu ya kabichi ikasimama. Dereva alishusha nusu ya mzigo wake kando ya barabara bila kuombwa mara mbili. Mdogo wangu alipojaribiwa kuhamishwa alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia, na baba mkwe akasema, "Muende nayo. Musimutoe." Basi wakapakia mgonjwa na machela yake.

Hapo ndipo yule mwanamke alipotuambia, akicheka, mkono juu ya tumbo: "Lakini muirudishe mbio. Mi na mi karibu nitaipanda."

Watu wakacheka. Kituo cha afya cha kujifungulia kilikuwa ng'ambo ya mabonde mawili kutoka kwao. Prezida akaona nafasi. Akasimama juu ya jiwe, akakohoa, akatoa hotuba. Kwamba kitu kama hiki hakirudishwi kama sufuria ya jirani. Kwamba kundi zima litakuja, na mbuzi, na vinywaji, na mgonjwa mwenyewe akitembea kwa miguu yake. Alichukua namba ya simu ya baba mkwe mbele ya wote. Wakampigia makofi. Mdogo wangu alikuwa amelala katikati ya kabichi, jasho linamtoka, anangoja hotuba iishe.

Hospitali walimtoa kwenye machela na kuiegesha ukutani nje. Prezida akaibeba hadi kwake, maana ni karibu. Nilishukuru. Siku hizo akili yangu yote ilikuwa kwenye ule mguu.

Nilipokwenda kuichukua niliikuta ukutani. Ameitundika ndani ya bistro, juu ya meza za nyuma, na kofia mbili za pikipiki pembeni na picha kubwa ya siku ile. Wateja walikuwa wakisimama chini yake kupigwa picha, glasi mkononi. Nilimwambia Prezida, ile mama iko karibu kuzaa, nipe niipeleke. Alinishika bega.

"Ndugu yangu, apana. Nimeahidi watu. Tutaenda wote, dimanshi."

Jumapili ikaja bila mafuta. Iliyofuata, mbuzi hakuwa amepatikana. Halafu fulana za kundi zikachelewa kuchapwa, maana hata fulana zilikuwa zimepangwa. Kila nikienda ananiambia haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, naye akacheka, akaniagizia fanta. Niliwaambia wengine mmoja mmoja. Wote walikubaliana nami, na wote walisema tusimvunje Prezida. Nilikuwa na hasira ya mtu anayeambiwa kwa upole kwamba hana adabu.

Aliyeishusha ni mdogo wangu. Siku aliyoweza kutembea kwa magongo alinitaka nimpeleke, si nyumbani bali bistro. Ilikuwa saa ya chakula, watu wanakula samaki wa mukeke wa kuchoma, Prezida ametoka. Akasimama katikati, akapaza sauti ya darasani.

"Munisamehe. Hiyo kitanda ni yangu, nimelala ndani yake. Naishusha."

Mhudumu mmoja akaleta ngazi. Hapo ndipo tulipoona kwamba Prezida hakuitundika kwa kamba. Aliipigilia misumari. Mwanzi mmoja ulikuwa umepasuka kutoka msumarini hadi katikati. Niliufunga dukani kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kwa kubana sana, kama ninavyofunga vitu vya watu vinavyotakiwa kubeba uzito.

Asubuhi niliiweka juu ya basi dogo hadi pale tulipopandia pikapu, kisha nikaibeba kichwani kuanza njia ya migomba. Sikufika mbali. Mtu wa kwanza niliyekutana naye alitua kreti yake ya nyanya na kuuliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia hakuna, narudisha tu. Akaitazama, akaitambua, akashika ncha ya nyuma bila neno. Mbele akampokea mwingine. Machela tupu, na bado walipokezana. Niliwasalimia, wakanijibu, ila hakuna aliyecheka nami kama siku ile, na mimi nikafikiri ni kwa sababu tumechelewa.

Yule mwanamke alikuwa ameketi mbele ya nyumba akipukuchua maharage. Tumbo halikuwepo. Nilitega sikio nisikie kilio cha mtoto ndani. Nikaangalia kamba ya nguo kama kuna kitu kidogo kimeanikwa.

Baba mkwe alinivuta pembeni. Alizungumza Kirundi, polepole, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo mara nyingi. Uchungu ulimshika siku ya mvua. Waling'oa mlango wa nyumba wakamlaza juu yake. Mlango ni mpana. Kwenye kona za migomba haupiti, inabidi uinamishwe, na kila wakiuinamisha yeye anateleza. Mtoto alizaliwa njiani, kabla ya bonde la pili. Hakulia.

Nikamwuliza kwa nini hawakusuka nyingine. Swali la kijinga, lakini nililiuliza. Alinitazama kwa mshangao.

"Prezida wenu alikuwa anapiga simu," akasema. "Kila wiki. Alisema mnakuja Jumapili, kundi lote, na tusihangaike. Tulitengeneza pombe ya kuwapokea. Mara ya kwanza ikachacha, tukatengeneza tena."

Nilitamani anitukane. Nilitamani mtu yeyote kwenye mlima ule aniinulie sauti, nipate angalau la kubeba nikishuka. Badala yake akaipeleka machela barazani, na yule mwanamke akainuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja kuikagua. Akapitisha kidole kwenye ule mpira nilioufunga, akauvuta kuona kama umebana. Ulikuwa umebana. Kisha akanigeukia.

"Na mudogo wako? Mugulu inapona?"

"Inapona," nikasema. "Anatembea."

"Tumushukuru Mungu," akasema, na uso wake ukafunguka kweli, akafurahi. Akaniambia nikae. Akaingia ndani kuniletea maziwa, maana alikumbuka kwamba mimi pombe sinywi.