Mtamba wa Bibi na Namba ya Hashi

Baada ya arobaini ya bibi, wazee wa ukoo walinikabidhi mtamba wake mweusi. Nikasema ahsanteni, nikala pilau. Moyoni hamkuwa na kitu, kama mguu uliokufa ganzi.

Kuandika programu nilijifunza kwa simu, nilipomaliza kidato cha nne, hapa hapa Sindeni. Ya kwanza niliitengenezea josho letu, tunapoogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Siku chache baada ya kupewa mtamba, kamati ya josho ilikuwa iamue kama waitumie au waachane nayo, na mimi nilishajiona nazunguka nayo majosho yote mpaka Mnyuzi.

Kwenye programu kila ng'ombe ni kitu kimoja, na kila kitu kina namba yake, wanaiita hashi. Hiyo ndiyo inayosema ng'ombe awekwe kisanduku gani ndani ya kumbukumbu ya simu, ili ukimtafuta usipekue vyote. Yangu niliitoa kwenye rangi, pembe na jina la mwenye ng'ombe, maana kwetu ndivyo tunavyowataja: yule mweusi wa bibi, mwenye pembe za kuinama. Juzi yake nilikuwa nimefuta jina la bibi, nikaweka langu.

Mwenyekiti wa josho, mzee wa Kimaasai, akasimama joshoni kando ya mtamba wangu, akasema, "Haya mjukuu, tuanze na wako."

Nikamtafuta kwa jina langu. Hayupo.

"Hayupo? Na huyu anayenikanyaga ni nani, mjomba wako?"

Watu wakacheka. Nikajaribu kwa jina la bibi. Hayupo. Nikaiambia simu iwataje wote, mmoja mmoja. Akatokea, ana jina langu.

Nikaelewa. Nilipobadilisha jina, hashi nayo ilibadilika, lakini ng'ombe sikumhamisha; alikuwa bado kwenye kisanduku cha enzi za bibi. Kwa jina langu, simu ilikwenda kisanduku kingine, ikakuta patupu. Kwa jina la bibi ilifika penyewe, ikamkuta ana jina langu, ikasema siye.

"Mzee, naomba muda kidogo."

"Chukua. Ng'ombe hawana saa."

Nikakaa kwenye ukuta wa josho, harufu ya dawa puani, nikabadilisha: hashi itoke kwenye namba ya hereni ya sikioni tu, isiyobadilika hata ng'ombe akirithiwa. Nikawapanga upya wote. Nikatafuta. Yupo.

"Haya, tutaitumia," mzee akasema. "Ila ukinipotezea dume langu, utakuja kuchunga wewe."

Nikacheka nao. Kwenye kioo palikuwa na jina langu peke yake. La bibi halikuwa tena na kazi popote. Nilingoja nilie. Sikulia. Nikamswaga mtamba, akatumbukia kwenye dawa.