Jaketi la Mkia

Mererid Nywele hakuwa na haja ya kumuuliza mtu ana nguvu kiasi gani kabla ya kumpangia njia ya baiskeli. Saluni yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la Ifan Mkate, na ngazi za kufikia huko zilijengwa na mtu aliyekuwa na kisasi na binadamu. Mteja akianza kupanda, Mererid alisikiliza tu, mkasi mkononi. Anayefika juu bado anaendeleza umbea aliouanzia chini, huyo wa kupanda mlima. Anayefika na kusema, "Ngoja kwanza, dada," huyo wa njia ya bondeni. Lakini anayefika akajifanya anasoma bei ukutani mpaka pumzi irudi, huyo ndiye wa kuogopwa, maana atakwambia baiskeli kwake si kitu, amezipanda tangu utotoni.

Kijijini Llanfrwynog watu huitwa kwa kazi zao, kwa kuwa majina ya ukoo ni machache na yote yamechakaa. Mume wa Mererid aliitwa Gethin Kuta. Kazi yake ilikuwa kujenga zile kuta za mawe matupu zinazopanda milima ya Wales bila saruji wala sababu ya kueleweka. Alikuwa mtu wa kubeba jiwe la ukubwa wa kondoo huku akikusimulia habari za kondoo wa ukubwa wa jiwe.

Siku moja, baridi ikiwa inaelekea ukingoni, Mererid alisikia mtu anapanda. Hatua, hatua, kimya. Hatua, kimya. Akaandaa uso wa kumpokea bibi kizee. Mlango ukafunguka, akaingia Gethin na chupa ya supu aliyoisahau mkewe nyumbani. Akageukia ukutani, akaanza kusoma bei.

Bei zile aliziandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

"Umepandisha ya kupaka rangi," akasema.

"Mwaka juzi. Gethin, una nini?"

"Nina njaa."

Mererid akamtazama mifukoni. Wiki iliyopita, akifua, alikuta mifuko ya suruali ya mumewe imejaa vidonge vya kiungulia, kama mtoto anavyojaza peremende. Na usiku alikuwa akimkuta amekaa kitandani wima, anatazama dirisha lisilo na kitu.

"Nenda kwa daktari."

"Kondoo wakishazaa."

Katika bonde lile hilo ndilo jibu la kila swali. Jino likiuma, paa likivuja, uchumba ukichelewa, kondoo wakishazaa. Kule nyuma ya kanisa wamelala wanaume kadhaa waliokuwa wakingoja kondoo wazae. Na kweli wiki zile kaka yake Gethin, Huw Mlimani, angekesha zizini na majike mia kadhaa, na Gethin asingekubali kumwacha peke yake hata kama angebebwa kwa machela.

"Basi Jumapili usije mlimani na sisi."

"Nisipokuja na nyinyi nitapanda peke yangu. Chagua."

Akachagua.

Kila mwaka, kabla kondoo hawajaanza kuzaa, Mererid ndiye aliyewapeleka wapanda baiskeli wa kijiji kuvuka mlima wa Foel Ddu. Kundi lenyewe lilikuwa mchanganyiko wa ajabu: vijana wenye mapaja kama magogo, mwalimu mstaafu ambaye breki zake zililia kuliko yeye, na wengine waliokuja kwa ajili ya keki ya zabibu tu. Kupanga njia ya watu kama hao ni kama kupika chungu kimoja kwa mgonjwa na kwa mkata kuni. Ukiwafuata wenye nguvu, dhaifu watakufia njiani. Ukiwafuata dhaifu, wenye nguvu watachoka kwa kukaa bure, na mtu mwenye nguvu akichoka kwa kukaa bure hufanya upumbavu.

Mererid aliitandaza ramani mezani jikoni siku saluni ilipokuwa imefungwa. Safari hii hakutazama mteremko mzuri uko wapi. Kila alipovuta penseli mbele kidogo alijiuliza jambo moja: hapa Gethin akianguka, gari litamfikia?

Ndiyo maana njia ikatoka ya ajabu. Ilikuwa inauzunguka mlima kwa woga, ikiambaa na msitu kama paka anayeambaa na ukuta. Juu kabisa, kwenye uwanda wazi wenye matope meusi ya kumeza gurudumu zima, kulikuwa na njia panda. Kulia ni njia yao ya kushukia kwenye zizi la mawe. Kushoto, baada ya geti moja la chuma, ni barabara ya msitu, ambapo Landrova ya Huw ingeweza kupanda. Njia hiyo ya kushoto aliikaza penseli mara mbili.

Ifan Mkate akaingia na mkate wake chini ya kwapa. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Gethin, na mapaja yale ya magogo yalikuwa yake.

"Shemeji, hii ni safari ya baiskeli au tunampeleka bibi kanisani? Mwaka jana tulipita kileleni!"

"Mwaka huu kuna wageni. Philippa anakuja."

"Philippa aliyenunua kanisa la zamani? Yule anayelala pale palipokuwa na mimbari? Kwa hiyo sote tukokote baiskeli kwa sababu ya mama mmoja wa Birmingham?"

"Ndiyo."

"Hata Gethin umemdhalilisha! Kaka, umeiona ramani hii?"

Gethin alikuwa mlangoni anavua buti, muda mrefu kuliko buti zinavyostahili. Akaja, akainama juu ya ramani, kidole chake kinene kikafuata penseli mpaka njia panda, kikageuka kushoto, kikatulia.

"Njia nzuri," akasema. "Mimi ni mkia, kama kawaida."

Mkia ni mtu wa mwisho. Huvaa jaketi la rangi ya chungwa ambalo hata kipofu angelilalamikia, na kazi yake ni kuhakikisha habaki mtu nyuma. Kila njia panda kiongozi humwacha mtu mmoja asimame awaelekeze wanaofuata, na mtu huyo haondoki mpaka aone jaketi la chungwa. Mkia ndiye pia anayefunga mageti. Sheria hizo zilikuwa zimewaingia watu wa pale hata hakuna aliyekumbuka kuwa ni sheria.

Mererid aliona ni sawa. Mkia huenda polepole na hakuna anayemshangaa. Mtu anayeficha pumzi zake angepata wapi mahali pazuri zaidi?

Jumapili mawingu yalikaa chini, yamelala kifudifudi juu ya mlima. Kunguru walikuwa wametulia ukutani, hawataki kuruka. Mwalimu mstaafu akasema mvua haitanyesha, na watu wakavaa makoti ya mvua.

"Philippa," Mererid akamwambia mgeni, "wewe kaa karibu na Gethin. Usikimbizane na mtu."

"Na mageti?"

"Mageti ni ya mkia. Wewe hangaika na gia zako."

Wakapanda. Njia ya kandokando ya msitu ilikuwa laini, watu wanacheka, Ifan anazunguka nyuma na mbele kama mbwa aliyefunguliwa. Kila baada ya kona Mererid aligeuka, akaona chungwa kule chini kati ya misonobari, akaendelea. Mara ya mwisho alipogeuka ndipo wazo likampiga, na lilimpiga kwa ubaridi, kama mkono wa mtu shingoni.

Mkia huwatazama wote. Mkia hutazamwa na nani?

Alikuwa amepanga kila jiwe la safari hiyo, kisha akamweka mumewe mahali pekee ambapo hakuna jicho nyuma yake.

Wakati huo huo ukungu ukashuka. Haukupiga hodi. Mlima ulikuwapo, halafu haukuwapo.

"Ifan!" akaita walipofika njia panda. "Simama hapa. Usitikisike mpaka umwone Gethin. Unanisikia? Gethin."

"Shemeji, nimesimama njia panda hizi tangu sijaota ndevu. Jaketi likitokea, naondoka. Nenda kawamiminie watu chai."

Angebaki yeye. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu wanaotetemeka, na mteremko wa matope ambao hakuna mwingine aliyeujua kwenye ukungu. Akawaongoza kulia, wakapita geti juu ya zizi, wakaingia nyuma ya ukuta wa mawe. Ukuta huo aliujenga Gethin. Chupa za chai zikafunguliwa. Mererid hakunywa. Alisimama anatazama weupe.

Breki zikalia. Ifan akatokea anateleza, matope mpaka masikioni.

"Mkia huyo nyuma yangu," akasema. "Anakuja kama konokono mwenye mimba, lakini anakuja. Kuna keki?"

Na kweli, juu ya mteremko, chungwa likajitokeza. Mererid akamimina kikombe, akaweka sukari anayoipenda Gethin, akageuka kumpelekea.

Jaketi lilikuwa linakuja, breki zimeshikwa kwa mikono miwili. Lilikuwa kubwa mno kwa aliyelivaa. Nyuma yake geti lilikuwa wazi, na jike la kondoo mwenye mimba kubwa alikuwa amesimama katikati, anafikiria.

Gethin alizaliwa kwenye shamba lile la mlimani, ambalo sasa lilikuwa la Huw. Siku ya harusi yao aliwasimamisha wageni wote njiani ili arudi kufunga geti. Asingeacha geti wazi hata kama nyuma yake dunia inaungua.

Kikombe kikaanguka.

"Gethin yuko wapi?"

Philippa alishusha kofia, midomo bluu. "Nyuma yangu. Nilikuwa naganda, akanivika jaketi lake. Akasema mnyororo wa baiskeli umemruka, nitangulie, ananifuata. Kwani hajafika?"

Ifan alikuwa ameacha kutafuna. "Niliona chungwa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Shemeji, ukungu ulikuwa kama maziwa. Niliona chungwa."

"Shuka kwa Huw. Apandishe gari kwa njia ya msitu. Huku juu simu zimekufa. Nenda kasi ambayo hujawahi kwenda!"

Ifan akaenda, na hakuna aliyewahi kuushuka mteremko ule vile, wala mtu asijaribu.

Mererid akarudi juu peke yake. Alipanda, akasukuma, mwishowe akaitupa baiskeli na kukimbia. Akafika njia panda. Mbele yake ni uwanda, na matope yake meusi, pande zote sawa. Akaita. Ukungu ukaimeza sauti kama ulivyoumeza mlima. Akaita tena. Mahali fulani kondoo akakohoa kama binadamu, na moyo ukamruka bure.

Akianza kuupekua uwanda ule hatua kwa hatua, jioni ingemkuta humo.

Hapo akasikia chuma. Mnyororo wa geti, unaburutwa taratibu, unatafuta msumari wake. Unakosa. Unatafuta tena. Kisha: kachak.

Kushoto.

Alimkuta ameegemea nguzo ya geti, upande wa barabara ya msitu, miguu imenyooshwa, uso rangi ya mshumaa. Jasho linamtiririka katika baridi ile. Mkono mmoja ulikuwa kifuani, mwingine bado umeushika mnyororo.

"Umesimama kufunga geti," Mererid akasema. "Wazimu wewe. Umesimama kufunga geti!"

"Kondoo wa Huw wangetoka." Akavuta pumzi, ikafika nusu. "Nilijua njia hii umenichorea mimi. Philippa wa watu umemsingizia bure."

"Nyamaza."

"Nilitaka kukwambia."

"Kondoo wakishazaa?"

Akajaribu kucheka, ikamuuma. Mererid akaketi nyuma yake kwenye tope, akamlaza kifuani pake, akamfunika kwa koti. Mgongoni kwa mumewe alihisi mapigo, yanakwenda, yanajikwaa, yanakwenda. Kila yalipojikwaa alingoja. Muda ule wa kungoja ulikuwa mrefu kuliko ndoa yao.

Chini msituni injini ikanguruma. Huw! Ikakaribia, ikakaribia, halafu ikasimama.

Alikuwa amefika geti la chini, la kuingilia msituni. Mererid aliijua kila sauti. Mlango wa gari. Buti. Mnyororo ukifunguliwa. Buti zikarudi. Gari likasogea mbele kidogo, likapita geti, kisha likasimama tena.

Mlango wa gari.

Alikuwa anashuka kulifunga.

Huw naye alizaliwa kwenye shamba lile. Hata kaka yake akiwa anakufa juu ya mlima, geti ni geti. Na kifuani pa Mererid mapigo yakajikwaa, na safari hii hayakuinuka.

"Huw!" Sauti iliyomtoka hakuijua ni ya nani. "Liache wazi! Huw, liache wazi!"

Ukungu ulitulia juu yao kama shuka. Chini kule mwanamume mmoja alikuwa amesimama, mnyororo mkononi, baba yake na babu yake wote wamesimama naye.

Kisha mnyororo ukaanguka, na buti zikakimbia.

Kondoo walitoka, naam, wote waliokuwa malisho ya msituni. Jike mmoja alizalia makaburini, juu ya jiwe la mzee aliyekuwa akisubiri tangu zamani, na Huw alimaliza wiki nzima akiwakusanya huku akitukana. Gethin alikandamizwa kifua garini mpaka mapigo yakainuka, akafunguliwa kifua mjini, akashonwa. Siku alipofumbua macho vizuri, mkewe na kaka yake wamekaa kila mmoja upande wake, alimtazama Huw, uso umekunjamana kwa hasira ya kweli.

"Nimesikia kondoo wako makaburini," akasema. "Nani aliacha geti wazi?"

Huw akatazama kofia yake. Mererid alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mumewe, anasikiliza mapigo.