Nilipomwambia Sachiko "Mafi Mushkila"

Nakumbuka asubuhi moja ya Riyadh, mwanangu, ambayo hadi leo naionea haya. Kaa hapa kitandani nikusimulie, maana umefika mtaa huu wa Shumaisi juzi tu, na kesho unaanza kazi ile ile niliyoanza nayo mimi: kubeba vyombo vya wanamuziki, kuvipanga jukwaani, kuvifungua na kuvipakia tena kwenye lori. Usicheke ukisikia wananiita Mzee Barasa. Katika chumba chenye vitanda kumi vya ghorofa, mwenye miaka arobaini na moja ni mzee. Wakati ninaokuambia nilikuwa na thelathini na nne, lakini kwa akili ya kazi nilikuwa mtoto.

Kampuni yetu ilipata kazi ya Wajapani wawili, mwanamume aitwaye Haruo na mwanamke aitwaye Sachiko. Hawakuwa mke na mume. Walikuwa wenzi wa muziki tu, yeye Haruo akipiga gitaa na kuimba, Sachiko akishughulikia mashine za umeme zinazotoa midundo na sauti ambazo mimi sikuwahi kuzisikia kanisani kwetu Webuye. Wote wawili walikuwa wakikaribia sitini. Vijana wa Kisaudi waliwajua tangu utotoni, kwa sababu wimbo wao mmoja ulifungua kipindi cha katuni kilichokuwa kikionyeshwa hapa kwa Kiarabu. Mtu mzima na ndevu zake alikuwa akiusikia wimbo ule analengwalengwa na machozi.

Siku tatu za matayarisho nilipewa kumsaidia Sachiko. Alikuwa mama mfupi, mtulivu, mwenye Kiingereza cha polepole kama changu, kwa hiyo tulielewana. Alinifundisha waya upi unaingia wapi. Nikikosea, alinionyesha tena bila kununa. Huku tukifanya kazi alinieleza maisha yao. Walikutana wakiwa wanafunzi, kwenye duka la kutengeneza redio. Walipiga muziki miaka mingi katika vyumba vya chini ya maduka, mbele ya watu ishirini, wakati mwingine sita. Kisha katuni ile ikawapeleka duniani. Kisha wakasahaulika kwao, wakarudi kutengeneza redio, wakaitwa tena. Na sasa walikuwa wanamaliza. Sikio la kulia la Haruo lilikuwa limekufa, na la kushoto lilikuwa linafuata. Walikuwa na matamasha mawili tu yaliyobaki, la Riyadh na la Jeddah. Baada ya Jeddah, basi.

Akanionyesha mashine ya midundo, ndogo kama sanduku la nguo za safari, imejaa vitufe vilivyochakaa. "Haruo hasikii ngoma tena," akaniambia. "Anazihisi kwa miguu. Tunaweka spika chini ya ubao anaosimamia, na mdundo unatoka humu. Bila hii hajui wimbo umefika wapi." Midundo yote waliyoitunga tangu ujana ilikuwa ndani ya mashine ile. Ilikuwepo nyingine pacha wake, ya akiba, yenye midundo hiyo hiyo. Hakukuwa na ya tatu.

Tamasha la Riyadh likaenda vizuri sana. Asubuhi yake tukawa tunapakia. Njoroge, dereva wa lori, Mkenya mwenzetu kutoka Nyahururu, alikuwa ameenda kununua maji. Mimi nilikuwa juu ya ngazi ya lori na sanduku la mashine ya midundo, mkono mmoja ukisukuma na mwingine umeshika simu. Nilikuwa najirekodi, mwanangu. Nilitaka watu wa nyumbani wanione nikifanya kazi na wanamuziki wa dunia. Mkanda sikuufunga. Sanduku likateleza, likaanguka kutoka juu hadi kwenye saruji. Lilitua kwa pembe. Nikasikia ndani yake kitu kikikatika, sauti ndogo kabisa.

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Sanduku lenyewe halikuwa hata na mkwaruzo wa maana. Nikaliinua, nikalisukuma hadi mwisho kabisa wa lori, nikapanga mengine mbele yake. Video nikaifuta.

Haikupita nusu saa, Sachiko akaja. Alikuwa na karatasi mkononi. Jukwaa la Jeddah lilikuwa dogo, akaniambia, kwa hiyo vitu visivyohitajika vingerudishwa Japani kwa ndege ya alasiri ile ile, pamoja na ile mashine ya akiba. Lakini alikuwa anasitasita.

"Barasa, ile mashine uliyopakia iko sawa? Niifungue niipime kwanza?"

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema maneno matano tu. Lakini niliona sura ya msimamizi wetu, Tarik, Msudani mkali aliyekuwa anahesabu masanduku upande wa pili. Nikaona ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ikirudishwa kwa kafili, mdhamini wangu. Nikamwona mke wangu akipokea simu ya kuambiwa narudi mikono mitupu.

"Iko ndani kabisa, madam," nikasema, na nikatabasamu. "Mafi mushkila."

Hakuna shida. Ndilo neno la kwanza la Kiarabu kila mmoja wetu hujifunza huku. Sachiko akaniamini. Akaweka sahihi kwenye karatasi yake, na mashine ya akiba ikapelekwa uwanja wa ndege mbele ya macho yangu.

Sisi tukashika barabara ya Jeddah, mimi na Njoroge. Wajapani na Tarik walikwenda kwa ndege. Sijawahi kusafiri safari ndefu kama ile. Kila lori liliporuka kwenye kiraka cha lami nilikaza meno, kana kwamba kukaza meno kungesaidia kitu kilichokwisha kuvunjika. Nilijiambia labda hakikuvunjika. Nilijiambia labda ni kifuniko tu.

Kwenye kituo cha mafuta Njoroge akanunua chai ya maziwa na mkate wa mayai, akanikatia nusu. "Buda, mbona umekauka hivyo?" akaniuliza. "Kuna noma nyumbani?" Nikamwambia ni kichwa tu. Akaanza kunieleza habari za binti yake, alivyofaulu mtihani, na kwamba ikama yake yeye Njoroge ilikuwa inakwisha mwezi huo lakini kafili ameahidi kuifanyia upya. Nikala mkate wake. Tulipofika panapoelekea Makka tukachukua barabara ya wasio Waislamu, naye akawa anaimba nyimbo za kwao njia nzima. Mimi nilikuwa nahesabu saa. Ndege ilikuwa imeshaondoka. Kila saa niliyonyamaza, kusema kulizidi kuwa kugumu.

Jeddah tulifika asubuhi, jua limeshawaka. Tukashusha vitu ukumbini. Sachiko akafungua sanduku, akaunganisha waya, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akaigeuza, akafungua mfuniko kwa bisibisi yake ndogo, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuona: ubao wa ndani unaopitisha umeme ulikuwa umepasuka katikati.

Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, bisibisi mkononi.

Aliyepiga kelele ni Tarik. Alimwendea Njoroge moja kwa moja. "Wewe umeendesha kama mwendawazimu! Umeruka matuta! Lete ikama yako. Halas, basi, unarudi kwa kafili leo."

"Wallahi bosi, sikuruka kitu," Njoroge akasema. Yeye Mkristo, lakini huku hata sisi huapa hivyo tukibanwa. "Muulize Barasa. Tulikuwa pamoja njia nzima. Barasa, si umwambie?"

Wote wakanigeukia. Mwanangu, nitakuambia ukweli ambao sijawaambia wengi. Hata hapo sikusema. Nilifungua mdomo, nikasema, "Barabara ilikuwa mbaya." Nilimwona Njoroge akinitazama, bila hasira, kama mtu anayejaribu kusoma kibao kwa mbali. Akatoa ikama mfukoni akampa Tarik.

Kisha ikaadhiniwa adhuhuri. Tarik akaenda kuswali, akiwa na ikama ya Njoroge kwenye mfuko wa shati. Ukumbi ukatulia. Njoroge akakaa kwenye ngazi ya lori, akampigia mtu simu kwa Kikikuyu, na nikalisikia jina la binti yake. Hilo ndilo lililonivunja. Nikaenda hadi alipokuwa Sachiko. Haruo alikuwa amesimama kando yake, ameinamisha kichwa upande wa sikio lenye uzima kidogo.

"Madam, ni mimi," nikasema. "Iliniponyoka."

"Lini?"

"Riyadh. Asubuhi. Kabla hujaniuliza."

Nilitaka anitukane. "Kabla sijakuuliza," akarudia. "Ndege ilikuwa bado haijaondoka."

Kisha akamweleza Haruo kwa Kijapani, karibu na sikio, polepole. Yule mzee alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza jina langu, ingawa alikuwa analijua. Akasema, Sachiko akitafsiri: "Barasa, mashine hii imeanguka mara nyingi. Mimi mwenyewe nimeiangusha mara mbili. Siku zote tulipata njia, kwa sababu tulijua mapema. Wewe umetunyima siku nzima ya kutafuta njia. Na yule dereva, ulikuwa unamtazama akilaumiwa."

Hakupandisha sauti. Ningependa sana kama angepandisha.

Nikamfuata Tarik mlangoni alipotoka kuswali, nikamwambia mbele ya Njoroge. Tarik akamrudishia Njoroge ikama yake, akachukua yangu.

Waliimba jioni ile hivyo hivyo. Saa zilizobaki Sachiko alitafuta fundi, hakumpata wa kuuweza ubao ule. Akaomba boksi kubwa la mbao, tukalipindua, Haruo akasimama juu yake, naye Sachiko akawa analipiga kwa rungu la ngoma pembeni, ili mtetemo umfikie miguuni. Alipiga wimbo baada ya wimbo, mama wa umri ule, jasho likimtiririka, huku mashine nyingine zikilia bila mdundo. Mara mbili Haruo alipotea katikati ya wimbo na wakaanza upya. Nilikuwa nyuma ya pazia. Tarik hakunifukuza mle ndani, sijui kwa nini.

Walipiga nyimbo kumi na moja badala ya ishirini. Watu wakaanza kuuita ule wa katuni. Ukumbi mzima, wavulana kwa wasichana, wakiuimba wenyewe kwa Kiarabu na kupiga makofi. Lakini wimbo ule ulikuwa wa midundo mitupu, na midundo ilikuwa imepasuka. Haruo akainama hadi kiunoni. Mkalimani akasema kwa niaba yake: "Wimbo huo leo hatunao. Kosa ni letu. Tusameheni." Wengine wakapiga miluzi ya hasira. Wengine wakainuka wakatoka. Alikaa ameinama hadi kelele zikaisha.

Kosa ni letu, alisema. Mimi nimesimama hatua tano nyuma yake.

Hawakupanda jukwaani tena. Miaka thelathini na zaidi ya kazi, na hivyo ndivyo ilivyokwisha, bila wimbo wao. Nasikia midundo ya ile pacha imehifadhiwa huko kwao na vijana wanaitumia, na hilo hunifariji kidogo. Asubuhi ya kuondoka Sachiko alinipa mkono akaniambia amemwomba Tarik nisifukuzwe nchini. Sikufukuzwa. Niliwekwa kufagia ghala miezi minane kabla ya kuruhusiwa kugusa chombo.

Njoroge alikaa miezi miwili bila kunisemesha. Siku aliponisemesha alisema hivi tu: "Barasa, kuangusha si hoja. Lakini ulikula mkate wangu huku ukijua." Baadaye alinisamehe, hata binti yake huniita baba mkubwa, ila safari ndefu pamoja hatukufanya tena.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii usiangushe. Utaangusha. Jasho, uchovu, mkanda mbovu, kuna siku kitu kitakuponyoka. Ninachokuambia ni hiki: siku hiyo kikianguka, nenda umwambie mwenyewe kabla hujajipangusa vumbi. Usingoje akuulize. Na akikuuliza, usimpe lile neno rahisi la mafi mushkila ili aondoke mbele yako. Ukimwambia mapema, unampa nafasi ya kuokoa chake, na wewe unabaki na hofu ya saa moja. Ukificha, hofu hiyo utaibeba mwaka hadi mwaka, na mara nyingi kuna mtu mwingine atakayeitwa atoe ikama yake kwa ajili yako. Usikubali kamwe akae kwenye ngazi ya lori akipiga simu nyumbani kwa kosa ambalo ni lako.

Sasa lala, kazi inaanza mapema. Mungu akupe mikono imara, na siku mikono itakapochoka akupe ulimi wa kusema ukweli. Akukutanishe na watu wanaosamehe, na akurudishe kwa mama yako salama, ukiwa na uso wa kuwatazama wote.